Tanuru la Bani Lisishindiliwe Kuni
(Maneno ya Katibu mkutanoni, yameandikwa hapa kwa wale ambao hawakufika)



Leo sina habari ya siasa. Nasema juu ya moto wa bani, kwa maana kazi ya kukausha tumbaku ndiyo inaanza, na bani langu mimi mnalijua: yamebaki matofali.

Ilikuwa usiku wa siku ya tano. Jani lilikuwa limekauka, umebaki uti. Nikaona uvivu wa kukesha. Nikashindilia magogo mpaka mlango wa tanuru ukakataa kufunga, nikaenda kulala. Usiku wa manane tukaamshwa na kelele: moto! Bomba liliwaka jekundu, jani kavu likadondoka juu yake, basi. Mwanangu akataka kuingia kuokoa fito. Mama yake akamkamata shati. Tumbaku imekwenda, deni la mbolea limebaki, lakini mtoto ninaye.

Sasa ndugu, tushike haya:

1. Joto lipande polepole. Kugeuza jani liwe manjano, nyuzi 32 mpaka 38 hivi. Kukausha jani, lipande kidogo kidogo mpaka 55 hivi. Kukausha uti, mpaka 70 hivi, basi. Ukiharakisha, jani bichi linababuka, na sokoni linapewa daraja la chini.

2. Kuni kidogo mara nyingi, siyo nyingi mara moja. Moto unatawaliwa kwa mlango wa tanuru: hewa ikipungua, moto unapungua. Magogo mengi yakishashika, huyarudishi nyuma.

3. Kabla ya kuwasha, kagua bomba. Tundu lolote lizibwe. Hapo hutoka cheche, na hutoka hewa ya sumu isiyo na harufu. Kwa hiyo mtu asilale ndani ya bani hata kukiwa na baridi. Fito za chini ziwe juu ya bomba kwa mita 1 au zaidi, majani yafungwe imara, na wavu wa waya utandazwe juu ya bomba.

4. Joto likizidi, vuta kuni nje, uzizime kwa mchanga mbali na bani. Funga mlango wa tanuru, fungua matundu ya juu. Usimwagie bomba maji, mvuke utakuunguza. Lakini tumbaku yenyewe ikishika moto, usifungue mlango wa bani! Hewa ikiingia ni kama umemwaga mafuta ya taa. Ziba matundu kwa udongo, ondoa watu. Asiingie mtu. Tumbaku inalimwa tena mwakani, mtu halimwi.

5. Tukeshe kwa zamu, wawili wawili. Mmoja akisinzia, mwenzake yuko macho.

Wengine mtasema, sisi nyuzi za kipimajoto hatujui kuzisoma. Mimi herufi na tarakimu nilijifunza nikiwa na ndevu, darasa la watu wazima, na wajukuu walinicheka. Kusoma nilijua, usiku ule nilikuwa kitandani. Sasa nimepaka rangi nyekundu kwenye 70, kila saa natazama dirishani na kuandika kwenye daftari. Asiyejua aje ofisi ya ushirika Jumatano jioni, tufundishane. Hakuna aibu.



Katibu