Fangasi wa Kucha: Dawa Ipo, Subira Ndiyo Haba

Mgonjwa anapaka dawa wiki tatu, anaona ukucha bado mnene na wa njano, anaitupa chupa. Hapo ndipo tiba inapoharibika.

Ukucha wa mguu hukua kama milimita moja na nusu kwa mwezi, na sehemu iliyoharibika husukumwa nje polepole. Ndiyo maana dawa ya amorolfini ya asilimia 5, inayopakwa mara moja au mbili kwa wiki baada ya ukucha kusuguliwa kwa tupa na kufutwa kwa spiriti, huhitaji miezi 9 hadi 12.

Dawa nyingine ya kupaka, efinakonazoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, hupakwa kila siku kwa wiki 48.

Fangasi wakishafika kwenye shina la ukucha, daktari huongeza vidonge. Mwenye kisukari aende kliniki mapema, kabla kidonda hakijaanza.