Kasuku Aliyerudi Kwao

(Mazungumzo ya daktari wa mifugo mstaafu baada ya chakula cha usiku)



Nilipoombwa nizungumzie kazi yangu niliambiwa nisizidishe dakika kumi, wala nisitaje minyoo wakati watu wanakula. Nitatii yote mawili. Habari yangu ni ya kasuku, wala sisemi wale wenzetu waliokuwa wakikariri historia usiku kucha bila kuelewa neno.

Mwaka 1987 nilikuwa mkaguzi wa mifugo katika uwanja wa ndege. Siku moja akashuka mwenzetu mmoja, tuliyelala naye bweni moja miaka minne, akirejea kutoka masomoni Uingereza. Mkononi alikuwa na tundu, na ndani yake kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Kasuku huyo alilelewa na marehemu mama yake, na mpaka siku ile alikuwa akiliita jina la mwenzetu kwa sauti ya mama yule yule. Cheti chake cha afya kilikuwa kimekwisha muda, maana safari iliahirishwa. Nikamwambia itabidi ndege akae karantini siku 30. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Huyu alitoka hapa hapa," akasema. "Anarudi kwao. Mwenyeji anawekwaje karantini?"

Swali hilo si la kijinga, na tangu hapo nimeulizwa mara nyingi. Jibu lake ni kwamba maradhi hayaangalii mtu kazaliwa wapi, huangalia amepita wapi na kalala na nani. Ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, huweza kuchukua siku 2 hadi 15 kabla ya kujionyesha, na baadhi ya ndege wa jamii ya kasuku hukaa na virusi vyake miezi mingi wakila na kupiga kelele kama kawaida. Sote tuliokulia vijijini tunakijua kideri: jioni kuku wamelala wazima, baada ya siku chache banda kimya. Huko California kiliingia mwaka 1971 pamoja na ndege wa kufugwa walioletwa kutoka nje, na kabla ya kuzimwa kuku wapatao milioni 12 walikuwa wameuawa. Tena msidhani ni mambo ya zamani. Mwaka 2004, katika uwanja wa Brussels, abiria mmoja alikamatwa na tai wawili kutoka Thailand ndani ya mzigo wa mkononi, na wote wawili walikuwa na homa ya mafua ya ndege.

Basi nikamweka kasuku wa rafiki yangu karantini, pamoja na vifaranga wachache wasiochanjwa. Vifaranga hao ndio kipimo chetu: kama mgeni ana kideri, wao watakufa kwanza. Vifaranga walinenepa. Kasuku alianza kujinyonyoa manyoya siku ya tano, na siku ya tisa akaacha kula. Rafiki yangu akaja kuomba aingie amlishe kwa mkono wake. Nikakataa. Akaja tena, nikamtuma mhudumu akamwambie sipo, ilhali nilikuwa ofisini nikinywa chai.

Kasuku alikufa siku ya 17. Maabara haikuona ugonjwa wowote.

Nilipoandika taarifa ndipo nilipoisoma ile kanuni yote, mpaka mwisho. Ilikataza ndege kutoka. Haikumkataza mwenyewe kuingia, mradi avae ovaroli na mabuti ya pale, aoge akitoka, na asikaribie kuku wengine kwa siku alizopangiwa. Nilikuwa nimeisoma nusu. Kumzuia ndege ningemzuia hata leo, na hata angekuwa wa kwangu. Lakini yule mtu nilimzuia bure.

Hatukusemezana miaka 11. Yuko humu ndani usiku huu, na ndiye aliyeniambia niieleze habari hii badala ya ile ya simba niliyokuwa nimeiandaa.

Kwa kuwa wengi wetu tuna watoto walio ng'ambo, niongeze machache. Kasuku wa kijivu sasa ana mlango wa pili wa kupita. Mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016 ulimpandisha hadi Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, na tangu Januari 2017 hata yule wa nyumbani huhitaji kibali cha wanyamapori mbali na cheti cha daktari. Mtoto akitaka kuondoka naye, aulize kwanza masharti ya kumrudisha, na aulize kabla ya kukata tiketi, maana ndege wa manyoya na ndege ya abiria hawafuati ratiba moja. Nyaraka za kutokea azitunze zote. Aulize pia kituo cha karantini kiko wapi, nani anamlisha, na kama mwenyewe anaruhusiwa kuingia. Akijibiwa hapana, aombe aonyeshwe kanuni yenyewe, aisome hadi ukurasa wa mwisho.

Naona Mwenyekiti anatazama saa.