Kisima pembeni ya kituo cha mafuta: maji yapimwe



Hapa Lubumbashi munajua namna tunaishi. Maji ya Regideso inafika fasi zingine, fasi zingine haifike. Basi kila lupango inachimba kisima, mwenye pesa anatoboa foraji. Na pembeni ya hivyo visima wanajenga vituo vya mafuta. Tanki za esansi na mazutu ziko chini ya udongo, fasi jicho haifike. Chuma ikioza, mafuta inashuka pole pole mpaka inakuta maji. Sababu ni nyepesi, inaelea pale juu, lakini sehemu yake inayeyuka na kutembea pamoja na maji kuelekea visima vya watu.

Wengi wanatuambia: "Tutasikia harufu, tutaacha kunywa." Hapana. Ndani ya esansi kuna benzeni, ambayo inaleta kansa ya damu. OMS, lile shirika la afya la dunia, imeweka mpaka: mikrogramu 10 ndani ya litre moja. Ulimi wa mtu unaanza kuonja benzeni karibu na mikrogramu 500. Hesabuni wenyewe: mara 50! Na ile klorini tunatia ndani ya bido inaua mikrobe tu, haiondoe esansi.

Yalishatokea kwa wengine. Kule Ogoniland, Nigeria, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2011 ilionyesha kama watu wa Nisisioken Ogale walikuwa wanakunywa maji ya visima yenye benzeni kupita mara 900 ule mpaka wa OMS. Walikuwa karibu na bomba la mafuta.

Sasa, kupima. Musituletee maji ndani ya chupa ya soda. Benzeni inaruka kama pombe iliyoachwa wazi, na plastiki inaiharibu hesabu. Inatakiwa vichupa vidogo vya kioo, mililitre 40, vyenye kifuniko cha kukaza. Kwanza pampu itembee, maji iliyolala ndani ya bomba itoke. Kisha unajaza mpaka juu kabisa. Ukipindua kichupa ukaona hata povu moja ya hewa, anza upya. Kinaenda ndani ya barafu, na laboratwari ikipime mbele ya siku 14, kama walitiamo asidi ya kukitunza. Anayejaza asitoke kutia esansi kwa pikipiki yake, na groupe isiungurume pale pembeni. Kichupa kingine cha maji safi kabisa kinatembea safari nzima pamoja na vingine: kikikutwa na benzeni, munajua uchafu uliingia njiani.

Na karatasi! Tarehe, saa, kisima gani, nani alijaza, nani alibeba, nani alipokea, kila mmoja na saini yake. Bila ile karatasi, avoka wa mwenye kituo atacheka tu.

(Kuhusu rangi za upinde wa mvua juu ya maji: chukua kijiti, gusa. Ikivunjika vipande vipande kama kioo, mara nyingi ni bakteria za chuma. Ikirudi kujifunga, hapo shuku mafuta.)

Katiba yetu, article 48, inahakikisha maji ya kunywa. Article 53, mazingira safi. Kwa hiyo tunaomba hivi: mbele ya kituo kipya kufunguliwa, visima vya jirani vipimwe, mwenye kituo alipe, wakaaji wawepo wakati wa kujaza. Kipimo cha mbele ndicho kitaonyesha kesho kama uchafu ulikuwepo ao uliletwa. Vituo vya zamani navyo vipimwe, na majibu yabandikwe kwenye ofisi ya kartie, si kufungiwa ndani ya mtiro ya mkubwa.

Tunajua kwa nini wengine wanaogopa. Mama anauzisha maji ya kisima chake, bido kwa bido, ndiyo inalipa masomo ya watoto. Majibu yakiwa mabaya, anapoteza kazi, na jirani zake wanakosa maji siku ile ile. Hatutamuomba afungue kisima kwa wapimaji bila kumpa kitu mkononi. Kule Ogoniland ripoti iliomba watu wapewe maji mengine haraka. Nasi tutaandika hivyo kwenye barua ya meya: ahadi ya camion ya maji iwe na saini mbele ya kichupa cha kwanza kujazwa.