Gharama ya Sheria za Watoto: Ni Nani Alipaye?

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Katika taarifa ya Katibu wetu tumesikia habari za karo, za wagonjwa na za mazishi. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo lisiloonekana katika hesabu za Mweka Hazina, nalo ni gharama inayowapata wananchi kila mara sheria za ulezi na za kuasili watoto zinapobadilishwa.

Tuanze na historia. Mwaka 1959, nchi yetu ikiwa ingali chini ya utawala wa kikoloni, ilitungwa sheria iliyompa mama asiyeolewa haki ya kwenda mahakamani kumdai baba wa mtoto fedha za matunzo. Wanaume wengi waliinung'unikia, na mwaka 1969 Bunge likaifuta. Huenda mtu akadhani kwamba siku ile gharama iliondoka. La, ilihama. Mtoto aliendelea kula, kuvaa na kutaka shule. Mzigo ukamwangukia mama peke yake, na mama aliposhindwa ukawaangukia nyanya wa mtoto, kanisa, msikiti, na vyama vya kusaidiana. Ilitubidi kungoja Katiba ya mwaka 2010, yaani miaka 41, ndipo Kifungu cha 53 kiseme waziwazi kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto wao, wawe wameoana au hawakuoana. Wahenga walisema kweli: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi tutazame sheria zilizofuata. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika mwezi wa Machi 2002, ilichukua mahali pa sheria tatu za zamani. Ilikuwa sheria njema, lakini ilileta kazi nyingi. Mtoto hawezi kuasiliwa kabla ya kutimiza wiki 6. Chini ya sheria ile ilikuwa lazima shirika lililosajiliwa lithibitishe kwamba yu huru kuasiliwa. Lazima akae na wale wanaomtaka kwa miezi 3 mfululizo kabla ya ombi kupelekwa mahakamani. Tena mahakama humteua mtu wa kusimama kwa niaba ya mtoto, ili aangalie kama jambo hili lina faida kwake. Yote haya yafaa, maana mtoto hapewi mtu kama mzigo wa kuni. Lakini kila "lazima" inataka mtu wa kuitimiza, na mtu huyo ana mshahara, nauli na siku za kazi.

Ni vivyo hivyo katika kesi za wazazi waliotengana. Hakimu aweza kutaka taarifa ya Afisa wa Watoto kabla ya kuamua mtoto akae na nani. Afisa huyo, akiwa mwaminifu, atatembelea nyumba zote mbili. Atatazama mahali mtoto alalapo, atasema na mwalimu wake, atawauliza majirani, na atamsikiliza mtoto faraghani. Katika kaunti pana kama Turkana, Marsabit au Tana River, nyumba mbili tu zaweza kummaliza siku kadhaa. Ikiwa hana gari wala mafuta, taarifa haiandikwi, na kesi huahirishwa.

Tufikiri juu ya nyanya mmoja anayemlea mjukuu wake. Siku ya kesi hufunga kibanda chake cha mboga, hulipa nauli ya watu wawili, hukaa barazani mwa mahakama hadi adhuhuri, kisha huambiwa arudi mwezi ujao kwa kuwa taarifa haijafika. Akiitwa mara tano, amelipa mara tano. Serikali haikutumia shilingi hata moja kwa safari zile, lakini gharama ipo. Imelipwa na maskini, na mtoto ameilipa kwa siku za masomo yake na kwa kutojua atalala wapi mwaka ujao.

Tangu hapo mabadiliko yamefuatana upesi. Mwezi wa Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha wageni wa nchi za nje kuwaasili watoto wa Kenya, kwa hofu ya biashara ya watoto. Mwaka 2017 usajili wa makao mapya ya watoto ulisimamishwa. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mpango wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kutoka makaoni hadi katika jamaa. Mwezi wa Julai mwaka uo huo Sheria mpya ya Watoto ilianza kazi, nayo imeutambua hata utaratibu wa kafala kwa ndugu zetu Waislamu. Sisi twayapokea haya kwa furaha, kwani mtoto ni wa jamaa. Lakini ni dhahiri kwamba kumrudisha mtoto nyumbani kwahitaji uchunguzi mwingi kuliko kumwacha makaoni. Nyumba isipochunguzwa, mtoto aweza kutolewa mahali pabaya na kupelekwa pabaya zaidi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, nina maombi matatu.

Kwanza, kila Mswada uletwapo Bungeni huwa na maelezo mwishoni, na humo husemwa kama utaongeza matumizi ya fedha za umma au hautaongeza. Wanachama wausome mstari huo kabla ya mingine. Ukisema kwamba hakuna gharama, tuulize ni nani atakayelipa.

Pili, Kifungu cha 118 cha Katiba chawapa wananchi nafasi ya kushiriki katika kazi za Bunge. Chama kipeleke maoni yake kwa maandishi, kikitaka kila wajibu mpya uandikiwe idadi ya maafisa, magari na siku za mahakama.

Tatu, hatuwezi kuingoja serikali kwa kila jambo. Matawi yetu yachague wazee na kina mama wenye sifa njema wa kufuatana na nyanya, wajomba na shangazi mahakamani, na wa kuwasaidia Maafisa wa Watoto kuzijua nyumba za kwetu. Nauli ya walezi wasiojiweza itengewe fungu katika hesabu za mwaka ujao.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ikiwa taifa limekubali kuwa mlezi, halina budi kukubali na gharama ya malezi.