Saa ya Jua na Saa ya Nchi



Nimetakiwa nizungumze juu ya hesabu za nyakati za sala, nami nitashika jambo moja tu: kwa nini simu mbili, zilizowekwa juu ya mkeka mmoja hapa Ombaci, zaweza kuadhini kwa kupishana saa nzima.

Adhuhuri huingia jua likishapinduka, na Magharibi likishatua. Lakini saa tulizovaa hufuata serikali. Uganda, Kenya na Tanzania zote zimetangulia Greenwich kwa saa 3, na hesabu hiyo kwa haki ni ya mstari wa longitudo 45, ulio baharini, mashariki ya Mombasa. Sisi tuko karibu na digrii 31. Jua huchukua dakika 4 kwa kila digrii. Basi adhuhuri yetu, kwa wastani, ni saa 6 na dakika 56. Wala haisimami hapo: katikati ya Februari hufika saa 7 na dakika 10, na mwanzoni mwa Novemba hurudi saa 6 na dakika 40.

Programu iliyotungwa vizuri hulihesabu jua kwanza kwa saa ya Greenwich, ikijua tarehe na mahali. Mwisho kabisa ndipo huongeza zile saa 3. Ziko, hata hivyo, zinazojitia werevu: hugawa longitudo kwa 15 ili kukisia saa ya nchi. Gawa 31 kwa 15, utapata 2 na kitu kidogo. Basi huongezwa saa 2, na nyakati zote zikatangulia kwa saa nzima. Jioni kosa hilo halimpotezi mtu, kwani jua analiona juu ya miembe. Hatari iko Alfajiri, maana kiza cha saa kumi na nusu na kile cha saa kumi na moja na nusu ni kimoja machoni mwa aliyeamka sasa hivi, na sala iliyosaliwa kabla ya wakati wake si sahihi.

Mpakani mambo ni magumu zaidi. Kongo ya mashariki, kuanzia Aru na Ariwara, imetangulia Greenwich kwa saa 2. Sudani Kusini nayo ilirudisha saa zake nyuma tarehe 1 Februari 2021, ikawa vivyo hivyo. Jamaa zetu wa Koboko wanazo nchi hizo mbili mlangoni, na simu ikidaka mnara wa ng'ambo hujibadilisha yenyewe. Kubadilika huko peke yake hakudhuru: itaonyesha saa kumi na mbili badala ya saa moja ya usiku, lakini italia jua linapotua. Madhara huja mwenyewe akikasirika, akasogeza tarakimu kwa mkono ili zipatane na saa ya msikiti, na jina la nchi jirani akaliacha palepale. Sasa simu inaamini kwamba Greenwich yenyewe imesogea. Itamwitia futari jua likiwa bado juu, saa nzima kabla. Sharti abadili nchi, si tarakimu.

Wako pia wanaofuturu kwa adhana ya redio kutoka Kampala. Saa ni ile ile, lakini jua la Kampala limetangulia letu kwa kama dakika 7, na mwezi wa Juni kwa zaidi ya 10, kwa kuwa sisi tumeelekea kaskazini kidogo. Mombasa imetangulia kwa 35.

Anayetaka kuipima programu yake na asimamishe kijiti uwanjani, aandike saa ambayo kivuli kilikuwa kifupi kabisa. Yataka subira, na siku isiyo na mawingu. Ikiwa Adhuhuri ya simu imetangulia kwa saa nzima, kosa ni la saa ya nchi. Ikiwa kwa dakika 7 hivi, programu imewekwa mji wa Kampala. Ikiwa kwa dakika 35, mwenyewe anatumia jedwali la Mombasa.