Mbegu na Kijiti: Jinsi Mimea Izaavyo



Mkulima wa Kilifi akienda kwa jirani kuomba mbegu ya muhogo, hurudi na mzigo wa vijiti. Mkulima wa Nyandarua akisema amenunua mbegu ya viazi, ukifungua gunia lake utaona viazi vyenyewe. Mwenzao wa Kitale akitaja mbegu ya mahindi, huyo anayo mbegu hasa. Lugha yetu imeviita vitu vyote hivi kwa jina moja kwa kuwa vyote hutiwa ardhini vikaota, wala si kosa. Lakini havizai kwa namna moja, na mkulima asiyeijua tofauti hiyo aweza kuipeleka njaa shambani kwa mikono yake mwenyewe. Tofauti hiyo ndiyo nitakayoieleza leo.

Tuanze na mahindi, maana uzazi wake waonekana kwa macho. Juu kabisa ya mmea pana mbelewele. Hilo ndilo ua la kiume. Ubavuni pana hindi changa lililofunikwa kwa maganda, na kwenye ncha yake hutokeza zile nywele laini ambazo watoto hupenda kuzichezea. Hilo ni ua la kike. Mbelewele ikikomaa humwaga unga wa manjano uitwao chavua, nao upepo huuchukua. Chembe moja ya chavua ikitua juu ya unywele, huotesha mrija mwembamba mno unaoshuka ndani ya unywele ule mpaka kwenye kijiyai, na huko mbegu ya kiume huungana na ya kike. Kila unywele una punje yake moja. Ukimenya hindi ukaona mapengo, huenda nywele za mahali hapo hazikupata chavua, labda kwa sababu jua lilikuwa kali mno wakati wa kuchanua. Na ukiona punje za manjano zimechanganyika na nyeupe katika hindi lako, usimshuku mtu. Upepo umeleta chavua kutoka shamba la jirani.

Mpapai una desturi nyingine. Iko mipapai dume, iko mipapai jike, na iko ile yenye vyote viwili katika ua moja. Nimewaona watu wakikata mpapai dume kwa hasira, ati unatoa maua yaning'iniayo tu wala hauzai. Wakiisha kuyakata madume yote, hushangaa kwa nini majike nayo yameacha kuzaa vema! Dume mmoja watosha majike kama kumi, mwacheni asimame.

Sasa, mmea uliozaliwa kwa njia hii una wazazi wawili, na kama watoto wetu, haufanani sawasawa na baba wala na mama. Humo ndimo mna faida yake. Wataalamu wa Kitale walichukua mahindi yao yaitwayo Kitale Sintetiki II wakayazalisha pamoja na mahindi yaliyotoka nchi ya Ecuador, huko Marekani ya Kusini, na mwaka 1964 wakatoa mbegu chotara ya H611, iliyozidi wazazi wake wote wawili kwa mavuno. Lakini mkulima akiweka punje za mahindi chotara na kuzipanda msimu wa pili, mavuno hupungua, kwa kuwa wajukuu hutawanyika, kila mmoja na tabia yake. Wengine hudhani huo ni ujanja wa wauza mbegu. Sivyo, ndivyo uzazi wa wawili ulivyo.

Njia ya pili haina baba. Pasua ndizi tunayokula: hamna mbegu, ila vidoa vidogo vyeusi visivyoota. Mgomba huendelea kwa machipukizi yanayotoka chini ya shina lake, na chipukizi si mtoto hasa, bali ni mama yule yule aliyejiongezea mwili. Ndivyo ilivyo kwa marando ya viazi vitamu na vipande vya miwa. Na ndivyo ilivyo kwa miti ya matunda inayopandikizwa. Katika miaka ya 1920 mpeleka barua mmoja wa California, jina lake Rudolph Hass, alipanda mbegu za parachichi, na mti mmoja ukatokea kuwa mwema kuliko yote. Aliusajili mwaka 1935. Kila parachichi la Hass linalochumwa Murang'a leo limetoka katika mwili wa mti ule mmoja, kwa vitawi vichanga vilivyounganishwa na mashina mengine, na vitawi vya vitawi hivyo. Mti wenyewe ulikatwa mwaka 2002 kwa ugonjwa wa mizizi, nao mpaka leo wazaa duniani kote. Lakini panda mbegu ya tunda lake: utapata mparachichi, ila hautakuwa Hass.

Hapa ndipo penye hatari, maana anayechukua mwili wa mama huchukua na maradhi yake. Muhogo una magonjwa mawili makubwa ya virusi. La kwanza ni batobato, ambalo hukunja majani na kuyatia mabaka ya manjano. La pili ni michirizi ya kahawia, ambalo H. H. Storey, mtaalamu aliyekuwa Amani katika milima ya Usambara, alilieleza mwaka 1936. Hili ni la hila zaidi: mmea waweza kusimama na majani ya kuridhisha, na mkulima akichimba akute mihogo imeoza ndani kwa madoa makavu ya kahawia. Yote mawili huenezwa na nzi weupe. Lakini nzi mweupe ni mdogo na safari yake ni fupi, ilhali binadamu huweza kufunga mzigo wa vijiti juu ya basi na kuvuka wilaya tatu kwa siku moja.

Je, muhogo hauna mbegu? Unazo. Maua yake ya kike na ya kiume ni mbalimbali, ingawa hukaa katika kishada kimoja, na tunda lake dogo lina mbegu tatu. Likikauka hupasuka na kuzirusha. Kwa kawaida virusi hivi havipiti katika mbegu hiyo. Tangu miaka ya 1930 Storey na mwenziwe R. F. W. Nichols waliitumia njia hiyo huko Amani: waliuzalisha muhogo pamoja na mti wa mpira wa Ceara, ambao ni wa ukoo mmoja nao, kisha wakawarudisha watoto wake kwa muhogo tena na tena ili wapate mizizi ya kuliwa. Katika uzao huo ulipatikana muhogo uliopewa nambari 46106/27, ambao watu wa pwani ya Kenya waliuita Kaleso. Huo huistahimili michirizi ya kahawia kuliko mihogo mingi. Ulipatikana kwa mbegu, nao umedumu kwa kijiti, kwani kama ungeliachwa uzae kwa mbegu tu, sifa zake zingelitawanyika kama za mahindi chotara.

Basi mwenye shamba la muhogo achague vipando vyake kabla ya kuvuna, majani yangali mabichi, na kuitia alama mimea isiyo na baka. Siku ya kuchimba aikate mihogo ya mimea hiyo vipande vipande na kuitazama ndani. Akiona kahawia, asipande vijiti vya shina lile, na afadhali atafute vipando mahali pengine kabisa. Shina zuri ni lililokomaa, na kipande chake kiwe kama shubiri moja. Baada ya kuota, mche wowote wenye majani yaliyokunjamana ung'olewe mapema na kuchomwa moto. Wa pwani waweza kuulizia vipando safi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa, na wa Busia katika kile cha Alupe. Wa mahali pengine wamwendee Bwana Shamba wao, wasingoje mvua ianze.