Majengo Matupu ya Nachingwea: Maneno kwa Walimu na Watu wa Mitaa



Katika siku za jubilei ni desturi kuhesabu majengo yaliyosimama: makanisa, shule, hospitali. Leo twataka kunena habari za majengo yaliyonyamaza. Watoto wetu husikia ya kuwa zamani gari la moshi lilifika Nachingwea, na ya kuwa kiwanda kikubwa kilijengwa cha kubangua korosho. Wakituuliza, "Mbona vimekwisha?" yatupasa kuwajibu kwa kweli.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kula. Basi likatolewa shauri la kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo, na hapa kwetu Nachingwea, eka nyingi sana. Waliotumwa kuipima nchi walitumia majuma 9 tu. Yakaja matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa vikate miti. Reli ikajengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hata Nachingwea, na bandari ya maji marefu ikaanzwa Mtwara. Lakini pori lilikuwa zito, vyombo vikavunjika, na huko Kongwa udongo ulikauka ukawa kama saruji. Mwezi wa Januari 1951 shauri likaachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa kama paundi milioni 36. Bandari ilibaki, nayo yatufaa hata leo. Lakini reli isiyo na mizigo haiishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Pengine mtu atasema, "Hayo ni makosa ya wageni." Naam, lakini tusikilize habari ya pili. Katika miaka ya 1970 Serikali yetu wenyewe ilikopa fedha, ikajenga viwanda vya korosho katika miji mingi, na Nachingwea ikapata chake. Katika msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao. Bei ikawa ndogo. Na ugonjwa wa ubwiriunga ukaunguza maua. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Mitambo ikakosa cha kubangua, milango ikafungwa. Tangu hapo mikorosho imepona, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Walakini sehemu kubwa ya korosho zetu husafirishwa ghafi, na kazi ya kuzibangua hupewa mikono ya watu wa mbali.

Twaona basi ya kuwa kosa ni moja katika habari zote mbili. Nyumba ilijengwa kabla ya kumwuliza mwenye shamba. Mzee ajuaye mvua na udongo wake hakuketishwa barazani, wala mkulima hakuulizwa kama bei itamtosha.

Wala tusiwacheke wazee wetu waliofyeka pori lile kwa ujira mdogo. Jasho lao lilikuwa la kweli, hata kama shauri halikuwa jema. Aibu si yao.

Walimu, twawasihi: wapelekeni watoto wakayaone majengo hayo, mkamwalike mzee mmoja awasimulie, nao waandike asemayo kabla hajatutoka. Nanyi wazazi wa Ruangwa, ambako madini ya kinywe yamegunduliwa ardhini mwenu, msiogope kuuliza mapema: Nani atafanya kazi? Shamba litalipwa nini? Madini yakiisha, kitabaki nini? Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Tusipouliza sisi leo, wajukuu wetu watauliza kesho, wamesimama mbele ya kuta nyingine tupu.